Kumtafutia Mtoto Mwalimu wa Muziki

Mwalimu wa shule ya msingi huulizwa na wazazi mambo mengi ambayo hayamo katika muhtasari wa somo lolote. Mojawapo ni hili. Mzazi hufika shuleni, na baada ya kujuliana hali husema: "Mwalimu, mtoto huyu nyumbani hatulii. Kila sufuria kwake ni ngoma, na akisikia kinanda kinapigwa hasogei mpaka kinyamaze. Tumpeleke kwa nani akafundishwe?" Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa haraka, kwa kutajwa jina la mpigaji yeyote anayesifika mtaani, na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu la namna hiyo laweza kumdhuru mtoto. Mtoto aliyeangukia kwa mwalimu asiyefaa hamwachi mwalimu huyo peke yake, bali huuacha muziki wenyewe, na huondoka akiamini kwamba hakuzaliwa na sikio. Imani hiyo huweza kwenda naye hadi utu uzima. Waulize watu wazima wasemao "mimi siwezi kuimba" ni lini walipogundua jambo hilo. Wengi watakuambia kwamba hawakuligundua wao, waliambiwa.

Makala haya yamkusudia mwanachuo ambaye pengine hajui kupiga ala yoyote, naye adhani kwa sababu hiyo hana la kumwambia mzazi. Analo. Yeye hufundishwa chuoni jambo ambalo mpigaji hodari huenda hakulisomea kamwe, yaani somo ni kitu gani, huanzaje, huendeleaje, na hupimwaje. Kupiga ala ni kazi moja, na kufundisha kupiga ni kazi nyingine. Mtu aliyeshika udi tangu utotoni huenda amekwisha kusahau jinsi vidole vyake vilivyokuwa vizito, akamwonyesha mtoto jambo mara moja na kushangaa kuona kwamba hakulishika. Asiyejua udi, lakini ajua kufundisha, aweza kuketi pembeni ya somo hilo kwa nusu saa na kutambua kama mtoto anafundishwa au anatumbuizwa tu.

Mahali pa kutafuta

Ni kweli kwamba shule zenyewe zina nafasi ya muziki. Tanzania Bara, kwa mfano, mtaala wa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Lakini kipindi kimoja chenye watoto sitini hakiwezi kumfundisha mtoto mmoja namna ya kushika upinde wa fidla. Ala hufundishwa mtu kwa mtu, kwa kuangalia mkono huu na kidole hiki, na ndiyo sababu mwalimu wa binafsi hutafutwa hata pale ambapo shule inajitahidi.

Katika miji michache ziko taasisi. Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Unguja kiko Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Nairobi iko shule ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1944. Mzazi aishiye karibu na mahali kama hapo na aanzie hapo, kwani hata asipoweza kulipa ada ya taasisi, walimu na wahitimu wake huwa wanafahamiana na wengine wafundishao majumbani.

Wazazi wengi, hata hivyo, wako mbali na miji hiyo. Kwao mwalimu hutafutwa pale ambapo muziki unapigwa kila wiki: katika kwaya, katika kikundi cha taarab, katika bendi ya matarumbeta, katika madrasa ambako kasida na dufu hufundishwa. Mzazi aende kwanza kusikiliza. Tena asimsikilize mpigaji mkuu, bali wale vijana wadogo wanaokaa nyuma, kisha aulize: "Hawa walifundishwa na nani?" Mpigaji mkuu ni ushahidi wa juhudi yake mwenyewe. Vijana walioanza mwaka jana na sasa wanakwenda pamoja na wenzao ndio ushahidi wa mwalimu. Jina litakalotajwa kwa kujibu swali hilo huenda likawa la mzee ambaye hakuna aliyemfikiria.

Yafaa pia kuuliza mtoto anavutwa na muziki gani, maana ala hazibadilishani nafasi kirahisi. Katika taarab yenye asili ya makamu za Kiarabu zimo sauti zikaazo katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda, na kwenye kinanda cha kawaida hakuna pa kuzipatia. Udi na fidla hazina vile vipande vya chuma vikatavyo shingo ya gitaa, kwa hiyo kidole huweza kwenda kuitafuta sauti hiyo ilipo. Hivyo basi, mtoto apendaye taarab ya zamani akipelekwa kwa mpiga kinanda wa kwaya atajifunza muziki mzuri, lakini si ule uliomvuta. Kinyume chake ni hivyo hivyo.

Namna walimu wafundishavyo

Walimu wa ala katika nchi zetu hufuata njia tatu, ingawa wengi huzichanganya bila ya kuzipa majina.

Njia ya kwanza ni ile ya fundi na mwanagenzi. Fundi hupiga, mwanagenzi hutazama na kusikiliza, kisha hujaribu. Hakuna kitabu. Ndiyo njia kongwe kuliko zote kwetu, na matunda yake hayahitaji kutetewa. Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyefariki mwaka 1950, aliingia mjini Unguja akiwa muuza vyungu asiyejua kusoma. Alifundishwa uimbaji na mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, na mwaka 1928 sauti yake ilikuwa ikitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba aliyefariki mwaka 2003, aliuchukua muziki wa Wagogo kutoka kwa wazee wake kwa njia hiyo hiyo, kisha akafundisha Bagamoyo. Anayefundishwa hivi hupata sikio kali na kumbukumbu ndefu, na hupata ladha ya muziki ambayo haiandikiki. Upungufu wake huonekana pale mwanagenzi anapokwama. Fundi asiyejua kufundisha hurudia lile lile, kwa kasi ile ile, mara ya tano na ya sita, kwa kuwa hana njia ya kulivunja jambo likawa vipande. Mtoto hubaki akijua kwamba amekosea pasipo kujua alichokosea.

Njia ya pili ni ya kusoma muziki katika mistari mitano. Hufuatwa sana na walimu wa kinanda na fidla mijini, hasa wale watayarishao watoto kwa mitihani ya bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, yenye ngazi 8. Mtoto aliyefunzwa vyema hivi aweza kufungua kitabu asichopata kukiona na kupiga kilichomo, na huo ni uhuru mkubwa. Lakini wako watoto wanaokaa miezi wakitaja majina ya noti kama watajavyo miji mikuu ya nchi, na noti hizo hawazisikii kichwani. Na mtihani, kama tunavyoujua katika masomo mengine, ukiachiwa hula mwaka mzima: mtoto hupiga vipande vitatu vya mtihani tangu Januari mpaka vimchoshe yeye na jirani zake.

Njia ya tatu ni ya solfa, ambayo kila aliyepita katika kwaya ameionja. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeweka msingi wake, na John Curwen (1816–1880) ndiye aliyeikamilisha na kuieneza. Wamisionari wakaileta huku, na kwaya zetu zikaifanya kuwa mali yao. Fadhila yake kubwa ni kwamba mtoto huimba kabla ya kugusa chochote. Mwalimu huhitaji ubao na chaki tu. Pungufu lake ni kwamba solfa humwambia mtoto uhusiano wa sauti na sauti, lakini haimwonyeshi mahali pa kidole.

Nje ya nchi zetu wako waliokwisha kulitafakari tatizo hili la njia. Shinichi Suzuki wa Japani (1898–1998) alishikilia kwamba mtoto aweza kujifunza fidla kama ajifunzavyo lugha ya mama: asikie sana kwanza, aige, mzazi awepo katika somo, na kusoma kuje baadaye. Mzee wa Unguja akielezwa hayo huenda akauliza jipya ni lipi. Jipya ni mpango. Suzuki alizipanga nyimbo kwa hatua ndogo ndogo, kila wimbo ukiongeza ugumu kidogo, na wimbo wa zamani hautupwi bali hurudiwa ili mkono uzidi kunyooka. Zoltán Kodály wa Hangaria (1882–1967) naye alitaka kila mtoto aanze kwa kuimba, tena nyimbo za watu wake mwenyewe, akitumia ishara za mikono zilizotokana na zile za Curwen. Mwanachuo atakayelishika wazo hilo la Kodály moja tu, akalitumia kwa nyimbo za michezo ambazo watoto wake huziimba mchana uwanjani, atakuwa na masomo ya muziki ya mwaka mzima.

Kuketi katika somo

Tuseme sasa jina limepatikana. Mzazi, au mwalimu kwa niaba yake, aombe ruhusa ya kuketi katika somo moja kabla ya kupatana lolote. Mwalimu mwema hatakataa. Na anayekataa kabisa kuonwa akifundisha amekwisha kujibu swali letu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni jinsi somo linavyoanza. Je, mwalimu anaanza kwa kusema, au kwa kusikiliza? Yule ajuaye kazi humwambia mtoto apige au aimbe lile la wiki iliyopita, naye hunyamaza mpaka mwisho. Katika dakika mbili hizo huwa ameona mambo manne au matano, akachagua moja la kushughulikia leo. Jambo la pili ni ala iko mikononi mwa nani. Ikiwa kwa nusu saa mwalimu amepiga dakika ishirini na mtoto kumi, hapo palikuwa na tamasha, nalo huenda lilikuwa zuri sana.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni namna kosa linavyosahihishwa. Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne anayejifunza kinanda. Anapiga wimbo mfupi wa vipimo vinane, na kila afikapo kipimo cha tano hujikwaa. Mwalimu wa kwanza husema, "Rudia mwanzo." Mtoto hurudia, hujikwaa pale pale. "Rudia mwanzo." Baada ya mara kumi, mtoto amepiga vipimo vinne vya kwanza mara kumi, ingawa vilikuwa havina shida, na amelizoeza kosa lake mara kumi. Vidole havijui lililo sawa na lisilo sawa. Hushika kile walichokirudia. Mtoto anakwenda nyumbani akiwa na kosa lililokomaa kuliko alivyokuja nalo.

Mwalimu wa pili humsimamisha na kumwuliza, "Ni wapi panapokusumbua?" Mtoto huonyesha. Mwalimu hufunika sehemu nyingine ya ukurasa kwa karatasi, ibaki ile ndogo tu. Kisha humwambia aiimbe bila ya kupiga, ili kujua kama tatizo liko sikioni au mkononi. Ikiwa ameiimba sawasawa, basi sikio lina habari na lawama ni ya vidole. Hapo mwalimu huinama kutazama mkono, akaona kwamba kidole cha kati kimefika mwisho wa safari yake na kidole gumba hakikupita chini yake kwa wakati, hivyo mkono unalazimika kuruka. Humwonyesha mpito huo peke yake, polepole mno, mara tatu bila ya kosa. Kisha huunganisha kipimo cha nne na cha tano. Kisha cha tano na cha sita. Ndipo husema, "Haya, sasa tangu mwanzo." Yote hayo hayazidi dakika saba. Hakuna aliyekaripiwa, na mtoto anajua si kwamba amepatia tu bali pia kwa nini amepatia.

Mwanachuo atakuwa ameona kwamba mfano huu si wa kinanda pekee. Mtoto asomaye kwa sauti darasani akakwama katika neno la mstari wa tatu, nasi tukamwambia "soma tena tangu juu," tumemfanyia lile lile alilofanya mwalimu wa kwanza. Kadhalika katika hesabu za mgawanyo mrefu. Ikiwa kuna somo moja ambalo mwalimu wa darasa la watoto wengi aweza kuliiba kwa mwalimu wa mtoto mmoja, basi ni hili la kulitenga kosa na kulitafutia chanzo.

La nne ni maneno. Mwalimu amwambiaye mtoto wa miaka minane "huna sikio" amesema jambo asilolijua. Mara nyingi mtoto asiyeipata sauti hajafundishwa kuitafuta. Chanzo kimoja ambacho hupuuzwa ni umbali wa sauti zenyewe: mwalimu mwanamume huimba kwa sauti yake nzito, na mtoto, akidhani ndivyo atakiwavyo, hujikaza kushuka huko chini asikoweza kufika, akatoa mngurumo. Huyo si mtoto asiye na sikio. Ni mtoto mtiifu. Dawa yake ni mwalimu kuimba kwa sauti ya juu, au kumwomba mtoto mwingine atoe mfano, au bora zaidi, mwalimu mwenyewe aifuate ile sauti ambayo mtoto anaitoa, wakutane hapo, kisha wapande pamoja hatua moja moja. Ama mwalimu agongaye vidole vya mtoto kwa rula, hapana haja ya kumjadili. Mtoto na aondolewe siku hiyo hiyo.

La mwisho ni jinsi somo linavyofungwa. "Nenda ukafanye mazoezi" si kazi ya nyumbani. "Kipimo cha tano na cha sita, mkono wa kulia, polepole, mara tano kila siku" ndiyo kazi, kwa kuwa mtoto anajua alianze wapi na amalize wapi. Dakika kumi na tano za kila siku humfaa zaidi kuliko saa mbili za Jumamosi, na mzazi aelezwe hivyo tangu awali, kwa maana ndiye atakayepanga muda huo kati ya kuteka maji, chuo cha Kurani au katekisimu, na kazi za shule.

Mapatano

Kuhusu usalama wa mtoto pasiwe na haya. Somo la mtoto mdogo hufanyika mahali paonekanapo: sebuleni, barazani, ukumbini mlango ukiwa wazi, na mtu mzima wa upande wa mtoto awe karibu. Heshima aliyo nayo mwalimu mtaani au katika nyumba ya ibada haiondoi sharti hilo, na mwalimu mwenye nia njema hulipenda kwa kuwa linamlinda yeye pia.

Fedha hupatanwa kwa uwazi, ama kwa somo ama kwa mwezi, na isemwe mapema itakuwaje mtoto akiugua au mwalimu asipotokea. Wazazi wenye kipato kidogo huweza kuungana watatu, watoto wakafundishwa pamoja. Kwa anayeanza, hasara ni ndogo, na watoto husikilizana. Pengine shule yaweza kutoa chumba baada ya masomo kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, na mwalimu wa kwaya akapunguza ada yake kwa sababu amepata mahali.

Ala isinunuliwe mapema. Iazimwe, au ikodiwe, mpaka miezi michache ipite. Inaponunuliwa, mwalimu aulizwe ukubwa wake: fidla hutengenezwa kwa vipimo vya watoto, robo na nusu na robo tatu, na mtoto mdogo akipewa fidla ya mtu mzima hupindisha shingo na bega ili kuifikia. Gitaa lenye nyuzi za nailoni haliumizi vidole vichanga kama lile la nyuzi za chuma. Kinanda cha kuchezea chenye vibonyezo vyembamba kuliko kawaida huufunza mkono nafasi ambazo itabidi uzisahau baadaye.

Mtoto akishaanza, mwalimu wake wa darasa asiwe na haraka ya kumpeleka mbele ya wageni. Upo mtindo wa kumfanya mtoto mmoja ajuaye tarumbeta kuwa burudani ya kila mahafali na kila ziara, akipiga wimbo ule ule mmoja kwa mwaka mzima kwa sababu hapati nafasi ya kujifunza wa pili. Lililo na faida zaidi ni kumwita faragha baada ya miezi mitatu, bila ya ala, na kumwambia: "Niimbie ulichofundishwa." Akiweza kuimba, hata kwa sauti ndogo na kwa haya, wimbo umo ndani yake na vidole vitaufuata. Akibaki kuchezesha vidole hewani akitafuta pa kuanzia, mzazi na aende tena kuketi katika somo.